Sura ya Saba: Kwaki Topu Wanaihesabuje Wakati Hakuna Aliyeiona?

Mazungumzo juu ya chembe ndogo kabisa za maumbile, yafanyike darasani Bukoba au barazani Muleba, hayamaliziki bila swali moja kuulizwa. Mara nyingi mwulizaji ni yule aliyekaa kimya muda wote: "Mwalimu, kitu chenyewe hakuna aliyewahi kukiona, tena kinakufa kabla hakijafika popote. Sasa hao wataalamu wamekihesabuje? Au wanatuambia tu?"

Anayeuliza hivyo hajakosea. Asiyeuliza hivyo mbele ya namba kubwa ndiye wa kuonewa wasiwasi. Sura hii inamjibu kwa kipimo kimoja tu: protoni mbili zikigongana kwa kasi kubwa, ni mara ngapi hutokea jozi ya kwaki topu? Mwaka 2023 wanasayansi wa jaribio liitwalo ATLAS walijibu hivi: pikobani 829, kuzidi au kupungua 15.

Tutaifungua sentensi hiyo kipande kwa kipande. Ile 829 ina mengi ya kueleza, lakini kazi ngumu zaidi imelala kwenye 15.

## Kwanza, kwaki topu ni nini?

Kila kitu unachokigusa kimeundwa kwa atomu. Katikati ya atomu kuna kiini, na ndani ya kiini kuna chembe za aina mbili: protoni na nyutroni. Hizo nazo zina vitu ndani yake, viitwavyo kwaki. Kwaki zimeshikwa pamoja na chembe nyingine zinazoitwa gluoni, ambazo kazi yake ni kufunga.

Kwaki ziko aina sita:

- apu na dauni, ambazo ndizo zinazotuunda sisi, migomba na mawe ya ufukweni;
- chamu na strenji;
- botomu na topu.

Nne za mwisho hazidumu. Huzaliwa pale tu nishati nyingi inapokusanyika mahali padogo, kisha hugeuka kuwa chembe nyepesi zaidi. Mwaka 1973 Wajapani wawili, Makoto Kobayashi na Toshihide Maskawa, walionyesha kwamba tofauti fulani kati ya maada na maada kinzani, yaani pacha wake mwenye chaji kinyume, ingeelezeka kama kwaki zingekuwa sita. Wakati huo zilikuwa zimethibitishwa tatu tu. Botomu ilipatikana mwaka 1977 katika maabara ya Fermilab, karibu na Chicago, Marekani. Topu ilichelewa hadi 1995, ilipotangazwa katika maabara hiyohiyo na makundi mawili, CDF na D0.

Kilichoichelewesha ni uzito wake. Kwaki topu moja ina uzito wa protoni 184 hivi. Haipungui sana uzito wa atomu nzima ya dhahabu, ya namna ile inayochimbwa Geita, ingawa atomu ya dhahabu ina protoni na nyutroni 197 ndani yake, na topu ni chembe moja tu isiyojulikana kuwa na kitu ndani. Kitu kizito kiasi hicho hakiumbiki bila nishati nyingi.

Tena haikai. Maisha yake ni sekunde 0.0000000000000000000000005 hivi. Mwanga, ambao hakuna kinachoushinda kwa kasi, katika muda huo hauwezi hata kuvuka upana wa protoni moja. Kwa hiyo hakuna kamera, wala haitakuwapo, itakayopiga picha ya kwaki topu ikipita.

## Kujua kitu kwa kile kilichoacha

Wakazi wa Kagera wana sababu ya kuelewa jambo hili kuliko wengi. Tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu hivi alasiri, tetemeko la kipimo cha 5.9 lilipiga mkoa huo. Nyumba zilibomoka, watu walifariki, wengi walilala nje. Mwamba uliovunjika na kusababisha yote hayo hakuna aliyeuona. Ulikuwa chini ya ardhi, kwa makadirio ya wataalamu kilometa 40 hivi kwenda chini.

Hata hivyo palijulikana ni wapi, upande wa mashariki wa Nsunga, na nguvu yake ilijulikana pia. Vituo vya kupima mitetemo vilivyo mbali viliandika mawimbi yalifika saa ngapi na yalikuwa makubwa kiasi gani. Kutokana na kuchelewa kwa kila wimbi, wataalamu walirudi nyuma kwa hesabu hadi mahali lilikoanzia.

Kwaki topu hujulikana kwa utaratibu huo: haitazamwi yenyewe, hutazamwa vipande ilivyogeuka kuwa. Tofauti ni kwamba tetemeko lilikuwa moja na kila mtu alilihisi, wakati topu zinazohesabiwa ni mamilioni, zimechanganyika na matukio mengine mengi mno yanayofanana nazo. Ndiyo maana kuitambua topu moja hakutoshi. Lazima pawe na hesabu ya kuaminika.

## Mahali zinapozaliwa

Mashine inayotumika leo inaitwa LHC, na inamilikiwa na CERN, kituo cha utafiti kilicho kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa karibu na Geneva. Ni kiharakishi, yaani mashine ya kuzipa chembe kasi kubwa kwa nguvu za umeme na kuziongoza kwa sumaku. Umbo lake ni pete ya kilometa 27, ndani ya handaki lililo mita 100 hivi chini ya ardhi. Ukiinyoosha pete hiyo iwe mstari kutoka Bukoba mjini kuelekea kusini, utaipita Kemondo, lakini Muleba utakuwa bado hujafika.

Ndani yake mikondo miwili ya protoni huzunguka kwa kupishana. Mahali panne mikondo hiyo hukutanishwa ana kwa ana, na ATLAS iko kwenye mojawapo. Katika miaka ya 2015 hadi 2018 nishati ya kila mgongano ilikuwa TeV 13. TeV moja ni trilioni ya elektroni-volti, na elektroni-volti ni nishati inayopata elektroni moja ikisukumwa na umeme wa volti moja. Kuanzia Julai 2022 nishati ilipandishwa hadi TeV 13.6.

Jozi ya topu inahitaji TeV 0.35 tu kuumbika. Kwa nini basi zinahitajika 13? Kwa sababu protoni si tonge moja. Ni mkusanyiko wa kwaki na gluoni zinazogawana nishati yake. Protoni mbili zikikutana, kinachogongana hasa ni gluoni moja ya huku na gluoni moja ya kule, kila moja ikiwa na sehemu ndogo ya nishati yote. Kadiri protoni inavyopewa nishati zaidi, ndivyo gluoni zenye uwezo wa kutosha zinavyokuwa nyingi.

Hata hivyo bahati ni ndogo. Katika TeV 13, jozi ya topu hutokea takriban mara moja katika kila migongano milioni 100. Migongano yenyewe ni mingi, hufikia bilioni moja kwa sekunde, hivyo jozi kumi au zaidi huzaliwa kila sekunde mashine ikiwa kwenye kilele chake.

Kwa ufupi hadi hapa: topu ni kwaki nzito kuliko zote, huzaliwa nishati kubwa inapokusanyika, na hugeuka kuwa vitu vingine papo hapo. Tunajua ilikuwapo kwa kukusanya vipande vyake.

## Hesabu ya mtego wa senene

Sasa tuje kwenye kuhesabu. Msimu wa senene ukifika, hasa Novemba na Desemba, wategaji wa Bukoba na Muleba huwasha taa kali usiku, wakaegemeza mabati kwa mshazari juu ya mapipa. Senene hufuata mwanga, hugonga bati, huteleza, huingia pipani. Asubuhi mtegaji anajua amepata ngapi.

Lakini tuseme mtu anataka kujua jambo jingine: katika usiku ule, senene wangapi waligonga mabati kwa kila saa taa ilipowaka? Kuhesabu waliomo pipani hakumtoshi. Anahitaji namba nne:

1. Waliomo pipani. Hii ni hesabu ya kawaida.
2. Wadandiaji. Taa haichagui. Pipani mna nondo na mbawakavu pia. Hao lazima watolewe.
3. Sehemu inayonaswa. Si kila senene aliyegonga bati ameteleza hadi ndani. Wengine waliruka wakaondoka zao.
4. Fursa. Taa iliwaka saa ngapi? Pipa lililojaa kwa saa mbili na lililojaa kwa saa nane hayasemi jambo moja.

Tuchukue mfano wa kubuni. Pipa lina wadudu 1,000, na 100 kati yao si senene. Kwa kutazama, mtegaji amegundua kwamba katika kila senene 10 wanaogonga bati, 6 huingia pipani. Taa iliwaka saa 5. Anatoa wadandiaji, anabaki na 900. Anagawa kwa 0.6, anapata 1,500. Anagawa kwa 5. Jibu ni senene 300 kwa saa.

Kipimo cha jozi za topu ni hesabu hiyohiyo. Unahesabu matukio yanayofanana na jozi ya topu, unatoa wadandiaji, unagawa kwa sehemu inayonaswa, kisha unagawa kwa fursa za mgongano zilizotolewa na mashine. Fursa hizo wanafizikia huziita luminositi.

Kinachopatikana mwishoni kinaitwa eneo la shabaha. Hebu fikiria kila protoni imebeba shabaha ndogo, na ikipigwa hapo tu ndipo jozi ya topu itoke. Shabaha ikiwa ndogo, tukio ni adimu. Ukubwa wake hupimwa kwa bani, eneo linalolingana kwa makadirio na kiini cha atomu kubwa kama urani. Pikobani ni sehemu moja ya trilioni ya bani. Hizo ndizo 829 za ATLAS.

## Kuchagua pipa lenye wadandiaji wachache

Kwaki topu, karibu kila mara, hugeuka kuwa vitu viwili: kwaki botomu na bosoni W. Bosoni W ni chembe nzito inayobeba mojawapo ya nguvu za maumbile, nayo haikawii kugeuka. Mara nyingi hutoa kwaki mbili. Mara chache zaidi hutoa elektroni na nyutrino, au myuoni na nyutrino. Myuoni ni ndugu mzito wa elektroni. Nyutrino ni chembe inayopenya karibu kila kitu bila kuacha alama.

Katika kila jozi kuna bosoni W mbili. Watafiti walichagua matukio ambamo moja imetoa elektroni na nyingine imetoa myuoni, vyenye chaji zinazopingana. Uchaguzi huo unabakiza jozi mbili au tatu tu katika kila 100. Kwa nini kutupa zote hizo?

Kwa sababu ya wadandiaji. Matukio mengi hutoa elektroni mbili au myuoni mbili, hasa yale ya bosoni Z, chembe jirani ya W. Matukio mengi zaidi hutoa mafuriko ya kwaki. Yanayotoa elektroni na myuoni kwa pamoja ni machache. Afadhali kidogo kilicho safi kuliko kingi kilichochanganyika, hasa ukijua kwamba katika miaka ile ya 2015 hadi 2018 ATLAS peke yake ilitembelewa na jozi zaidi ya milioni 100. Asilimia mbili ya hizo bado ni mamilioni.

Hata baada ya uchujaji huo mdandiaji mmoja hubaki: topu iliyozaliwa peke yake pamoja na bosoni W. Huyo hatolewi kwa macho. Hukadiriwa kwa nadharia na kuigizwa kwenye kompyuta, kisha hutolewa kwa hesabu.

## Ujanja wa alama mbili

Namba ya tatu ndiyo inayosumbua zaidi: je, kigunduzi kinanasa sehemu gani? Kigunduzi ni chombo kinachozunguka mahali pa mgongano na kuandika kila kinachotoka. Cha ATLAS kina urefu wa mita 46, kimo cha mita 25 na uzito wa tani 7,000.

Kila jozi ya topu hutoa botomu mbili. Botomu huweza kutambuliwa kwa sababu chembe iliyoibeba husafiri milimita chache kabla ya kugeuka, na vihisi vilivyo karibu na kitovu huona kwamba njia za vipande vyake hazianzii kitovuni. Lakini vihisi huikosa botomu mara kwa mara. Mara ngapi? Ukikosea hapo, jibu lote limeharibika.

Watafiti waliligeuza tatizo kuwa msaada. Walihesabu kwa makundi mawili: matukio yenye botomu moja iliyotambuliwa, na yenye botomu mbili zilizotambuliwa. Hesabu mbili zinatosha kufumbua mafumbo mawili kwa mpigo: jozi zilikuwa ngapi, na uwezekano wa kutambua botomu ni kiasi gani.

Msomaji anaweza kujaribu kwa kalamu. Tuseme umepata matukio 480 yenye botomu moja na 360 yenye botomu mbili.

- Jumla ya botomu ulizotambua: 480 + 2 × 360 = 1,200.
- Izidishe kwa yenyewe: 1,440,000.
- Gawa kwa mara nne ya yale yenye botomu mbili, yaani 4 × 360 = 1,440.
- Jibu: jozi 1,000.

Maana yake ni kwamba jozi 160 zilipita bila botomu hata moja kutambuliwa, na umezihesabu bila kuziona. Ukiwa na jozi 1,000, botomu zote ni 2,000, umetambua 1,200, kwa hiyo uwezo wa kutambua ni 6 katika 10. Hakuna aliyekuambia hiyo 6. Imetoka ndani ya hesabu zako mwenyewe.

Kwenye kazi halisi kuna marekebisho madogo, kwa sababu kuitambua botomu ya kwanza kunaathiri kidogo uwezekano wa kuitambua ya pili, lakini mfumo ni huu. Aliyeuliza "au wanatuambia tu?" ana haki ya kuipiga hesabu hii mwenyewe.

## Matokeo

Kwa miaka mingi kipimo hiki kimerudiwa katika nishati mbalimbali. Majibu kwa pikobani ni haya:

- TeV 1.96: 7.6. Ni ya Tevatron, mashine ya Fermilab iliyogonganisha protoni na protoni kinzani.
- TeV 7: 178.5, majibu ya ATLAS na CMS yakiunganishwa. CMS ni jaribio jingine kubwa katika LHC.
- TeV 8: 243.3, kwa kuunganisha vivyo hivyo.
- TeV 13: 829, ya ATLAS.
- TeV 13.6: 850 kwa ATLAS, 881 kwa CMS.

Tazama kutoka 7 hadi 13. Nishati haijafika mara mbili, lakini topu zimekuwa zaidi ya mara nne na nusu. Ni zile gluoni zenye uwezo, tulizosema huongezeka protoni ikipewa nishati zaidi.

Sasa tazama mstari wa mwisho. ATLAS wanasema 850, CMS wanasema 881. Nani mwongo? Hakuna. Kiasi cha shaka cha ATLAS ni 27, na cha CMS ni 30 hivi. Tofauti yao ni 31. Majibu mawili yenye shaka za ukubwa huo yakitofautiana hivyo, yanakubaliana. Msomaji aliyepewa namba mbili bila shaka zake angedhani pana ugomvi.

## Ile 15 imetoka wapi?

Shaka si kukiri uzembe. Ni kipimo cha pili, kinachosema kipimo cha kwanza kinaweza kuaminiwa hadi wapi. Shaka ya 829 ina mafungu manne:

- 1 inatokana na bahati ya kuhesabu. Matukio ni mengi, kwa hiyo bahati haina nafasi kubwa.
- 13 inatokana na kutoijua kikamilifu tabia ya kigunduzi, ya wadandiaji na ya nadharia iliyotumika kuigiza matukio.
- 8 inatokana na luminositi.
- 2 inatokana na nishati ya mikondo ya protoni.

Mafungu haya hayajumlishwi hivihivi, maana si rahisi yote yakosee upande mmoja kwa wakati mmoja. Kila moja huzidishwa kwa lenyewe, majibu yakajumlishwa, kisha hutafutwa kipeuo cha pili. Ukifanya hivyo utapata 15 na kidogo.

Hiyo 8 ya luminositi inastahili neno. Fursa zilizotolewa na mashine hupimwa kwa njia iliyoachwa na Mholanzi Simon van der Meer. Katika siku maalumu mikondo miwili husogezwa taratibu, mmoja ukiupita mwingine, huku wakihesabu migongano inavyopungua. Kutokana na kupungua huko hujulikana upana wa mikondo, na kutokana na upana na wingi wa protoni hujulikana fursa. ATLAS waliifikisha shaka ya luminositi ya miaka ile minne chini ya asilimia moja.

Angalia pia fungu la kwanza. Kukusanya matukio mara kumi zaidi kungepunguza ile 1 tu, na 15 ingebaki karibu palepale. Aliyesubiri data nyingi zaidi zimtatulie shida angesubiri bure. Kazi iliyobaki ilikuwa kukijua kigunduzi.

Kwa ufupi: namba isiyo na kiasi cha shaka haijakamilika. Na mtu akijua shaka yake imetoka wapi, anajua pia aelekeze jitihada wapi.

## Mbona tusitumie anga la Muleba?

Swali hili huulizwa na waliosoma kidogo juu ya mionzi ya anga za juu, nalo ni la haki. Chembe kutoka nje ya dunia hugonga hewa iliyo juu yetu usiku na mchana, na baadhi zina nishati kubwa kuliko ya LHC. Migongano hiyo hutoa myuoni zinazofika hadi ardhini. Karibu moja hupita kwenye kiganja chako kila sekunde ukiwa Bukoba, Muleba au popote. Myuoni yenyewe iligunduliwa katika mionzi hiyo miaka ya 1930, kabla viharakishi vikubwa havijajengwa.

Kwa hiyo kwaki topu huzaliwa hata juu ya ziwa na migomba ya Kagera, bila mtu yeyote kulipia. Tatizo liko kwenye zile namba nne. Migongano yenye nishati ya kutosha ni adimu, hutokea mahali pasipojulikana mapema, kilometa nyingi juu, na vipande vyake humwagika juu ya eneo kubwa vikiwa vimeshachanganyika na vingine. Fursa huwezi kuipima vizuri, na sehemu inayonaswa ni karibu sifuri. LHC haikujengwa kwa sababu maumbile hayatoi topu. Ilijengwa ili topu zitoke saa inayojulikana, katikati ya kigunduzi.

## Inatuhusu nini?

Majibu mafupi matatu, bila kuyatia chumvi.

Kwanza, ufundi wa kuharakisha chembe umeshafika hospitalini. Mashine za LINAC zinazotibu saratani kwa mionzi, kama zilizopo katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni viharakishi vidogo vya elektroni.

Pili, mlango wa elimu hii umesogea. Shule ya Fizikia ya Afrika, iliyoanza mwaka 2010 Stellenbosch, Afrika Kusini, ilifanyika Kigali mwezi Agosti 2016. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Rwanda kilipata taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa fizikia ya msingi, EAIFR. Kutoka Kagera, Kigali ni karibu kuliko Dar es Salaam. Na wale "wao" waliohesabu si watu wa bara moja: ATLAS ina watafiti wa Morocco na Afrika Kusini, CMS ina wa Misri.

Tatu, data zenyewe ziko wazi. CERN ilifungua hazina yake ya data kwa umma mwaka 2014, na mwaka 2024 ATLAS nao wakaachia sehemu ya data za TeV 13. Mwenye kompyuta na intaneti ya kuaminika anaweza kuzipakua na kuhesabu topu mwenyewe, iwe Kashozi au Kamachumu.

## Kwa nini kuhangaika na asilimia mbili?

Limebaki pingamizi moja. Nadharia ilishatabiri 832 hivi, tena kwa shaka kubwa kuliko ya kipimo chenyewe. Mwaka 2016 ATLAS walitangaza 818, kuzidi au kupungua 36. Zikapita karibu miaka saba kuishusha 36 hadi 15, yaani chini kidogo ya asilimia mbili. Kama namba zilishakubaliana, jasho lote hilo la nini?

Jibu lilianza kuonekana mwaka 2025. CMS, kisha ATLAS, walitangaza kwamba pale ambapo nishati inatosha kwa shida kuzaa jozi ya topu, matukio yanazidi kidogo yale yaliyotarajiwa. Ziada hiyo ni karibu pikobani 9. Inafanana na kitu ambacho wengi walidhani hakitaonekana katika LHC: topu na topu kinzani, ndizo hizo mbili za jozi, zikishikana kwa muda mfupi kabla ya kufa. Wanafizikia bado wanajadiliana kama ndicho hasa, au kuna maelezo mengine.

Pikobani 9 katika 829 ni asilimia moja. Ziada hiyo haikupatikana kwa kutazama jumla. Ilipatikana kwa kuzigawa jozi kulingana na nishati yake na kuangalia jinsi vipande vilivyotoka kwa mielekeo yake. Lakini hakuna anayethubutu kuidai ziada ndogo hivyo bila kwanza kukijua kigunduzi chake, wadandiaji wake na fursa zake kwa undani huohuo. Aliyeridhika na "kama mia nane hivi" asingekuwa na la kusema juu ya hiyo 9, hata kama ilikuwa ndani ya data zake tangu mwanzo.